Siku marbre ya poète ilikamata yaya mukono

Cheka kama unataka, lakini yaya Chantal, dada yangu mukubwa, eko muzima, uende umuulize. Vidole yake yote iko. Bila minye ingekuwa jiwe.

Mu Likasi tuko na sanamu ya poète moja, mutunga mashairi ya Ufaransa, ya marbre, ile jiwe nyeupe. Anaikalaka pa kiti yake kati ya maua, mukono juu ya goti. Jina yake mvua ilishafuta. Kila mariage, ndoa, inapita pale: mariée, bibi ya ndoa, anaweka mukono juu ya ile ya muzungu, foto, tunaenda kukula.

Njo na shiye tukafika, siku ya ndoa ya yaya, jua ya saa sita inachoma kichwa. Yaya, na robe yake nyeupe, anaweka mukono. "Cheka, madame," muntu ya foto anamuambia. Paf! Marbre inafunga vidole.

Ulishaona jiwe inakamata muntu? Minye niliona! Na midomo ya poète ikasema, mu Swahili ya kwetu kabisa: "Hakuna muntu alinililia. Huyu atabakia hapa, anililie."

Beau-frère, bwana ya yaya, alikuwa ashafika ku barabara. Mbio gani, baba, mu viatu ya kungaa! Bamama bakaanza kulia. Wapi! Kila chozi, jiwe inakaza. Mukono ya yaya ikageuka nyeupe, baridi, mupaka ku kiwiko. Papa, anavunjaka mawe ku Kakontwe, akatosha nyundo yake mu motoka, akaiinua, akaishusha. "Nikipiga, nitavunja mutoto."

Njo nikakumbuka. Kwetu ku kilio kunakuwa banungwe, bantu ya kabila tunataniana nayo. Banalala mbele ya sanduku, banatukana maiti, mupaka mujane anacheka, njo maiti anaenda na roho nzuri. Huyu muzungu hakuwaka na munungwe!

Nikalala chini na costume yangu, minye njo munungwe yake. "Weye mufu mubaya! Unaikala tangu zamani sawa muntu anangoja zamu ya choo! Pua yako, banjiwa njo banaijua kuliko mama yako! Unakamata bibi ya benyewe, dot, ile mahari, ulileta wapi?"

Papa akashika maneno palepale: "Mbuzi yangu iko wapi, weye?"

Bamama puu, kicheko. Na yaya, machozi ku macho: "Na baridi yote hii, nitalala naye namna gani?"

Marbre ikatetemeka. Ikacheka! Vidole ikafunguka.

Tulicheza palepale, bashoferi banapiga klakson. Beau-frère akarudi polepole. Yaya akamuangalia: "Weye, ulienda kununua mukate?"

Mupaka leo poète eko kinywa wazi, meno inje. Kidole kidogo ya yaya ilibakia nyeupe. Anaionyeshaka sawa medali.

Basi, kama unaleta mariée pale, umutukane muzungu kwanza, vizuri, ashibe. Kisha njo muweke mukono. Na bwana ya ndoa, mumufunge kamba.