Hapa Hakuna Kocha

Alikuwa beki, mashabiki wakimwita Ukuta. Miaka yote alicheza akificha maumivu, maana aliyelalamika alikalishwa benchi. Sasa chama cha wachezaji kimewakatia wastaafu bima ya afya, na mkewe akamburuta hadi kliniki.

Daktari alimbonyeza goti. "Linauma?"

"Niko fiti, daktari," akajibu Ukuta, jasho likimtiririka.

Mkewe uzalendo ukamshinda. "Fiti gani, mume wangu? Nyumbani ngazi unashuka kwa makalio kama mtoto!"

Daktari akacheka. "Mzee, hapa hakuna kocha. Hapa anayeumwa ndiye anayepangwa."

Ukuta akamtazama mkewe, akashusha pumzi, kisha akanyoosha mguu wa pili.

"Basi anza na goti hili, daktari. Hilo ulilobonyeza lina afadhali."