Uji Ndani ya Kaseti ya Hoki

Ni mimi niliyeingiza uji kwenye kaseti. Nimelikana jambo hili tangu darasa la sita, nikasoma hadi chuo kikuu nikilikana, na sasa nina mvi, nakiri.

Wa rika langu mnaikumbuka kazi ya kupuliza. Mchezo wa video ukikwama kwenye televisheni, ulichomoa kaseti, ukayapuliza meno yake kama mtu anayewasha jiko la makaa, ukairudisha kwenye mashine kwa heshima. Wanangu wakikwama wanalaumu intaneti, kisha mimi.

Mashine ilikuwa kwa shangazi yetu, Tata Wambui, kule Mwiki. Kila likizo mimi na kaka yangu Kimani tulitoka Gatuanyaga na magoti ya vumbi kwenda kucheza hoki ya barafuni. Barafu tuliijua ya friji ya Tata tu. Kimani alishikilia kwamba wale wachezaji wanateleza kwa sababu sakafu imepakwa nta, kama ya kanisani.

"Nyambura, wewe ni golikipa. Usipepese jicho!" Kimani aliniamuru.

Asubuhi moja picha ikatetemeka. Nilikuwa na uji mdomoni, sikungoja kumeza. Nikaichomoa kaseti, nikapuliza, nikairudisha. Televisheni ikawa nyeusi. Tata alipoingia, Kimani ndiye aliyekuwa ameshika kaseti, akiipangusa kwa shati.

"Nani ameharibu?"

"Ni Kimani," nikasema.

"Huyu asikanyage hapa tena!"

Baada ya wiki moja juani kaseti ilikauka, ikafanya kazi tena. Hasira ya Tata haikukauka. Likizo baada ya likizo, Kimani alinibebea begi hadi steji ya matatu, kisha akarudi kwa mbuzi. Niliporudi nilimpa matokeo bao kwa bao, naye akayacheza upya uani kwa fimbo na gunzi la mahindi, vumbi likimfika nyusi. Wanangu leo kila mmoja ana simu yake. Hakuna anayengoja kusimuliwa bao.

Jumapili iliyopita nilimpigia Kimani. Nikaungama kwa Kiswahili cha mihadhara mpaka akanikatiza.

"Ai, Nyambura, si nilikuona na kikombe?"

"Na hukusema?"

"Niseme tufukuzwe wote? Nani angeniletea matokeo?" Kisha akauliza: "Halafu ile mechi ya mwisho, kabla uende shule ya bweni, hukunimalizia. Tulishinda?"

Sikukumbuka hata kidogo. Nikamwambia tulishinda.