Mara Sita, Nilitaka Ine

Tangu nilianza kununua vitu ku soko ya Butembo, ningali mutoto, sijalipa bei ya kwanza hata siku moja. Muuzishaji anasema yake, unacheka kidogo, unasema yako. Akikataa, unaamuka, unaenda polepole. Hatua ya tano ao ya sita anakuita: "Mama, rudia." Hapo njo bei ya kweli inaanza. Batoto yangu nililea ivyo, na bajukuu pia. Donc siku dokta wa Beni aliniambia "mara sita", mimi nilisikia bei ya kwanza.

Kanseri ilikuwa imenikamata ku titi ya kushoto. Mbele ya kupasua, dokta alinielezea kama kuko njia mbili: kutosha titi yote, kuiondoa kabisa, ao kutosha kipande tu, kisha kuenda mbali, inje ya inchi, kuchomwa na miale ya mashini yenye huku kwetu haiko. Nikamwambia atoshe yote. Ile titi ilinyonyesha batoto munane, ilikuwa imesha kutumika, iende ipumuzike.

Kidonda ilipona. Tulishuka Beni na wifi yangu, tunaishi naye mu kiwanja moja, parcelle ya kule Vulamba, mu Butembo, nikifikiri nitasikia tu "enda salama". Mais dokta akafungua kitabu mukubwa, yenye mugongo ilishikwa na sparadra ya kufunga bidonda.

"Koko," akasema, ivyo tunaitaka bibi muzee, "hii njo mwongozo tunafuata. Kisha kupasua, kuko dawa ya kupitisha mu mushipa, pamoja na maji ya seromu. Mara sita, kila nyuma ya wiki tatu."

"Iliandikwa mu Kiswahili?"

"Hapana, mu Kifaransa."

"Basi nisomee mu Kiswahili. Mustari kwa mustari, usiruke."

Akasoma, kidole ku karatasi. Nywele itaanguka. Nitatapika. Damu itapimwa kila mara mbele ya dawa. Homa ikinikamata, nisingojee kesho. Nilimwacha amalize, juu mutu hapana kukata bei ya kitu hajaangalia.

"Mara ine," nikasema.

"Sita, koko."

"Ine, pamoja na maombi ya bamama ya kanisa yetu."

"Sita, pamoja na maombi."

Nilikuwa na sababu yangu. Wakati ya kupanda birayi, ni kusema viazi, ilikuwa karibu, na shamba yangu iko Kipese. Kama sisimame pale mwenyewe, batumishi banakata birayi ya mbegu vipande kama batu ba kupika, na inaoza yote mu udongo. Bwana yangu alisha kufa. Nani atasimama?

Dokta akafikiri anipate kwa njia ya shamba. "Koko, ni kama birayi. Ukipiga dawa mara moja na kuacha, ugonjwa ya majani inarudia."

"Wewe umeshapiga birayi dawa?"

"Hapana."

"Mvua ikinyesha kila siku, unapiga mara ngapi?"

Akatupa macho mu kitabu.

"Basi wacha birayi yangu, bakia mu kitabu yako."

Wifi akaficha mudomo mu kitenge. Nikaongeza moja, kama mutu mwema: "Tano."

"Sita," akasema. "Ile hesabu haiko yangu. Batu baliiandika kisha kuangalia bagonjwa bengi. Benye kuachia njiani, ugonjwa ilibarudilia zaidi."

Nikaamuka. Nikafunga kitenge yangu muzuri, nikamuaga, nikatoka.

"Tunaenda wapi?" wifi akauliza mu korido. "Hajaandika hata kitu."

"Tembea polepole. Ku soko unauzaka nini?"

"Majani ya sombe."

"Basi unajua."

Akajua. Yeye ni Mukatolika, akaingiza mukono mu sakosi, mufuko yake, kutafuta rozari. Tukapita mabenchi, tukapita meza ya infirmiere, ule muuguzi. Hatua tano. Kumi. Tukafika ku kibarango, mulango mukubwa ya barabara, pikipiki zinapita na mavumbi. Hakuna mwenye kuniita.

Pale njo woga ilinikamata. Hata siku ya kupasuliwa sikuogopa ivyo. Ku soko, muuzishaji mwenye kukuachilia uende mupaka barabara alisha kukuambia kweli: chini ya ile bei, ni kupoteza. Na hapa, mwenye kupoteza alikuwa mimi.

"Rudia," nikamwambia wifi.

"Mais hakuna mwenye alituita."

"Njo sababu."

Dokta alikuwa angali ku kiti, kitabu mbele yake imefunguka palepale.

"Karibu, koko."

"Juu ya nini hukuniita?"

"Mama yangu anauzishaka mafuta ya mawese ku soko ya hapa. Niliona mwendo yako, nikaitambua. Kama ningekuita, ungejua kuko ya kupunguza. Haiko." Akapangusa jasho ya mikono ku kanzu yake nyeupe ya kazi. "Nilihesabu hatua mupaka sikuzisikia tena."

Nikakaa. Akakamata kalenda. "Sasa niambie, birayi unapanda siku gani?"

Tukatengeneza. Kumbe hesabu haikatwi, mais siku kidogo inaweza kusukumwa kama damu iko muzuri. Wiki ya kwanza kisha dawa mwili inalegea, akasema, ya tatu nguvu inarudia. Basi Kipese nitaenda mu wiki ya tatu. Na jembe nisishike. Hiyo nilijaribu kuikata, akakataa tena.

Nywele ilianguka kama alisoma. Wifi alininyoa, akasema kichwa yangu iko na umbo ya kirayi, na hakukosea. Mara ya tatu nilitapika njia nzima, Beni mupaka Butembo. Mais kupanda kulipofika, nilikuwa pale Kipese, ku kiti kidogo, foulard ku kichwa, nikiangalia mikono ya batumishi. Hata mbegu moja haikukatwa.

Mara ya sita ikapita. Dokta akafungua tena ile kitabu.

"Sasa utakuja kuangaliwa kila miezi tatu."

"Miezi sita," nikasema.

Alionyesha mulango na kalamu, polepole.

Wifi alikuwa amesha kushika sakosi.

"Kaa chini," nikamwambia.