Kumsikilizia Luseno Mto

Kwa miaka kumi na moja nimegonga mabati kando ya Mzee Luseno hapa Shauri Moyo, tukitengeneza masanduku ya wanafunzi, na miaka hiyo yote amenichosha na mto wa kwao. Mto Isiukhu, anasema, unateremka kutoka milima ya Nandi, maji baridi ya kuuma meno. Wetu hapa nyuma ya vibanda ukiuvuka unaziba pua, kwa hivyo nilimwacha ajigambe. Naweza kukutajia njia yote ingawa sijawahi kufika: kanisa la mabati juu kilimani, kinu cha Wasike, daraja la magogo, kijisoko chenye maduka manne, kisha maporomoko.

"Hayapigi kelele," huniambia. "Yananguruma chini kwa chini, kama mtu anayesaga nafaka ya wimbi chumba cha pili."

Huyasema hayo kwa kupaza sauti, maana masikio yake yamekwisha. Nyundo ya miaka thelathini na sita haimwachi mtu salama.

Aprili iliyopita mambo yakawa mazito. Dishon, mdogo wake aliyebaki kwao kijijini, alikodisha shamba la chini kwa mtu wa miwa, na trekta ilikuwa ije kulima baada ya siku mbili. Humo ndimo alimozikwa mama yao mwaka wa themanini na tatu. Saruji hakuna, msalaba wa mbao ulishaoza, mti uliokuwa karibu ukakatwa. Dishon alikuwa bado ananyonya mama alipofariki, hajui ni wapi. Aliyebaki anayejua ni Luseno peke yake, naye mguu wake ulikuwa kwenye plasta, hata kazi alifanya akiwa amekaa.

Akamtuma binti yake, Triza, msichana wa mtaa wa Komarock hapa mjini ambaye hata wiki moja hajawahi kulala huko. Kesho yake saa sita mchana Triza akapiga simu ya video kutoka shambani. Tuliona nyasi, halafu viatu vyake.

"Shuka na njia ya shamba," Luseno akamwambia. "Kuna jabali linaloziba sauti ya maporomoko. Ukilimaliza tu, pale sauti inapoingia, ndipo alipo. Aliomba azikwe mahali atakapousikia mto."

"Lakini Dadi, maji naskia kila mahali. Kumenyesha, hata mitaro inapiga kelele. Nitajuaje ni gani?"

Luseno akaweka simu kwenye sikio moja, akaipeleka la pili. Nikauona uso wake ukinywea. Kisha akanipa simu.

"Wanyoike, nisikilizie."

Sasa, jua kali, kazi yetu hii ya kugonga mabati, haina kimya. Nilipanda juu ya sanduku nikawapigia watu ukelele kwamba mzee anatafuta kaburi la mamake, kwa hivyo nyundo chini. Wa karibu wakaweka, wakawaambia wa mbali, hadi vibanda vya mwisho. Sijawahi kupasikia mahali hapa pakitulia hivyo. Nilisikia kuku.

"Tembea pole pole, Triza. Simu iangalie chini huko."

Mwanzoni nilisikia maji ya mitaro tu, yakipayuka. Hatua nyingine. Nyingine tena. Halafu, chini ya kelele hizo, kikaingia kitu kizito, cha taratibu, kisichokatika. Nywele zilinisimama. Na mimi miaka yote nilidhani mzee anatia chumvi.

"Hapo hapo. Usisonge."

Triza alichimba kwa jembe la kuazima. Udongo, udongo, kisha jembe likalia. Yalikuwa mawe ya mtoni, yamepangwa kwa mstari, na Luseno alisema ndiye aliyeyabeba na kuyapanga akiwa na miaka kumi na tisa. Akaipapasa skrini kwa kidole gumba, akasema "Mama," basi. Dishon akaja na vigingi, akazungushia.

"Pole, kaka," akasema. "Trekta itapitia kando."

Watu wakashangilia kidogo, wakarudi kazini, na kelele ikarudi kama kawaida. Luseno hakushika nyundo. Alinivuta shati ili niiname karibu naye.

"Wanyoike, uliusikia kweli?"

"Niliusikia, mzee."

"Mimi sikuusikia," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.