Vidato vya Mawe Uani Kwangu

Mwaka ule unga wa ngano ulipopanda hata mahamri tukawa twayakaanga Ijumaa tu, na asubuhi nyingine zote twala muhogo kwa nazi na kujipa moyo kuwa ndio afya, ndio mwaka nilioanguka uani.

Nyumba yangu iko Mji wa Kale, ya mawe ya matumbawe, na ua wa nyuma uko chini ya jikoni. Kuufikia lazima ushuke vidato. Huko chini nina miasumini miwili, mrehani, na mkilua ambao wanawake wa mtaa wanauhusudu, nami kuhusudiwa sikatai. Kila alasiri nashuka kuchuma. Vidato vyenyewe, vitano, alivijenga marehemu mume wangu kwa matumbawe na chokaa, vikatuvumilia miaka.

Kisha ikaja harusi nyumbani. Mwanangu mkubwa, muuza vipuri wa Makupa ajuaye kila kitu, akasema vidato vya babake vina mashimo, wageni watatucheka. Akavipaka simiti, laini kama sinia. Siku ya harusi vilipendeza, na mimi nilijisifu navyo, siongopi. Lakini tumbawe lina pumzi. Ukiliziba hutoka jasho, na jasho lake ni chumvi. Mvua zilipopita, simiti ilikuwa imeshaachana na jiwe: ndani tupu, nje mtu haoni kitu. Nikakanyaga, kidato kikamegeka, nikaenda chini na kikapu changu. Mkono ukavunjika.

Mwanangu hakuilaumu simiti. Alilaumu miguu yangu.

"Mama, umri umekwenda. Nimekutafutia fleti Nyali, ina lifti. Mkono ukipona tunahama."

"Hiyo lifti itanishusha kwenye mkilua?"

"Tutakununulia maua ya chungu."

Mtu aliyefungwa mkono shingoni hana hoja. Lakini usingizi ulinipaa siku nyingi, maana katika nyumba ile nilizaa, na mimi si kabati la kuhamishwa na hamali.

Aliyeniokoa ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu huyo huyo. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye amesomea ujenzi na anawaamrisha mafundi wenye ndevu, jambo ambalo nalisema kila duka ninaloingia. Alikuja na tindo, akagonga kidato kimoja kimoja na kusikiliza kama mtu anayechagua nazi sokoni.

"Nyanya, mguu wako hauna kosa. Hapa pana uwazi. Nani alitia simiti?"

"Babako."

"Basi usimwambie nimecheka."

Akaibandua yote. Matumbawe mazima akayaweka yawe ukingo, yaliyooza akayatupa. Akaagiza mawe bapa ya Mazeras, yenye kukwaruza kidogo ili mguu usiteleze. Lori halipiti vichochoro vyetu, kwa hivyo yalikuja kwa mkokoteni, na mtaa mzima ukapata habari.

Kisha akanifanyia kituko. Alimwaga majivu ya jikoni kwenye sinia, akaniambia niloweshe miguu, niyakanyage, nitembee sakafuni.

"Usijikakamue, Nyanya. Tembea kama umechoka."

"Nimechoka kweli. Nimekuwa bibi harusi wa majivu."

Akapima nyayo zangu, hatua kwa hatua. Akaniambia niinue mguu ukutani mpaka pale nisipoumia, akatia alama. Alama ilikuwa chini, nikaona haya. Yeye akasema, "Vidato vya babu vilipimwa kwa miguu ya babu." Kweli, yule bwana alikuwa na miguu kama mnazi. Miaka yote ile nilikuwa nikishuka kwa hatua zake.

Vidato vitano vikawa vinane, vifupi, vipana, kila jiwe limeinama kidogo kwa mbele ili maji yasituame. Chokaa ililoweshwa pipani siku nyingi. Na kila jiwe lilinyweshwa maji kabla ya kulazwa, kwani jiwe kavu hufyonza chokaa kama mtu anayefuturu.

Ijumaa moja mwanangu akaja na ufunguo wa fleti. Akanibusu mkono uliopona, akauweka ufunguo mezani. Nikachukua kikapu, nikashuka peke yangu bila kushika ukuta, nikachuma, nikapanda. Naye akavijaribu, akashuka na kupanda mara mbili. Binti yake, aliyekuwa jikoni nasi, anatazama dari asije akacheka.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini fleti nishaichukua, Mama. Tunahama lini?"

"Sihami, mwanangu, na usiniulize tena."

Akaugeuzageuza ufunguo mkononi. "Hata mwezi mmoja tu, ukaonje?"

"Sihami, mwanangu, na usiniulize tena."