Mkono wa Kushoto wa Kefa

Kefa Simeoni wa Misigiri alijifunza kinanda kanisani, na angezeekea hapo kama asingekuwa mdadisi. Alipopata kazi ya kupangusa meza katika hoteli moja karibu na stesheni ya Manyoni, alikuta piano, gramafoni na santuri za wapiga piano weusi wa Marekani. Kilichomshangaza ni mkono wao wa kushoto. Ulipiga sauti nzito huku chini, ukaruka juu kukamata sauti kadhaa kwa pamoja, ukarudi chini tena bila kupumzika, huku mkono wa kulia ukijifanyia michezo yake. Aliujaribu, akakosea, akaujaribu tena mpaka mpishi akatishia kumpiga mwiko. Uhuru ulipokuja, Kefa ndiye aliyewachezesha abiria waliosubiri treni, na watu walisogea karibu ili wauone ule mkono ukiruka.

Halafu yakaja magitaa ya umeme, piano ikageuka meza ya kuwekea chupa. Mwenye hoteli alipofunga biashara, alimpa Kefa ile piano. Ikafika Misigiri juu ya lori la mtama. Mkewe, Selina, aliitazama, akauliza swali moja tu: “Na mbuzi watalala wapi?”

Walipohamia kijiji cha ujamaa, piano ilikwenda nao. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kila mtu alishika jembe la shamba la kijiji asubuhi na jioni, na jembe likaanza kumkakamaza Kefa vidole. Mkono wa kushoto ukawa unachelewa kurudi chini. Aliogopa, na Selina alimwambia wazi: akiendelea hivi, ule mkono utakufa kabla yake.

Akasimama mkutanoni, akaomba zamu yake ya jioni awapigie watu piano, na ihesabiwe kuwa kazi.

Watu waliangua kicheko.

“Kazi gani ya kukaa?” alisema mwenyekiti, Ndugu Yeremia. “Mgeni siku mbili, ya tatu tunampa jembe. Wewe mwenyeji tukupe kigoda?”

Bibi Theodora, ambaye hata mwenyekiti aliuogopa ulimi wake, alisema habishanii asichokijua. “Twende tukaone.” Mkutano mzima ukahamia uani kwa Kefa.

Kefa alipiga kufa na kupona. Mkono ulichelewa mara ya kwanza, ukachelewa mara ya pili, kisha ukashika njia. Bibi Theodora hakupiga makofi. Alipita nyuma yake, akatia kiganja mgongoni chini ya shati, akakitoa na kuwaonyesha watu. Kilikuwa chepechepe.

“Jembe halijanitoa jasho hili tangu mvua zianze,” alisema. “Hii ni kazi.”

Yeremia akakubali papo hapo. Kisha akaongeza, bila hata kutabasamu, kwamba kama ni kazi, basi kijijini hapa hakuna kazi ya mtu mmoja. Itafanywa kwa zamu.

Kefa alijiona ameporwa. Piano aliyoibembeleza miaka yote sasa ipondwe na kila mwenye vidole!

Kesho yake jioni, wa kwanza kufika alikuwa Bibi Theodora, amenawa mpaka viwiko.

“Shikamoo, bibi,” Kefa alisema kwa shingo upande.

“Marahaba. Hebu nieleze. Huu wa kushoto unajuaje pa kutua, na wewe huutazami?”

Tangu Manyoni watu walikuwa wakiushangaa ule mkono, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza. Hata Kefa mwenyewe hakujua. Alisogea ili bibi apate pa kukaa, akaulaza mkono wake juu ya ule wa bibi wenye sugu za jembe, wakaanza kutafuta wote wawili.