Walitaka Mama Aezue Bati

Nikisikia mtu akisema utalii utainua vijiji vyetu, kwanza humtazama miguuni nione kama viatu vyake vimewahi kukanyaga tope la kijijini kwetu Kakuyuni.

Miaka ya themanini nilikuwa nikifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya ufukweni, Malindi, na Kiitaliano nikakidaka huko huko kwa wageni. Hoteli ilipoamua kuwapeleka watalii wakaone kijiji, ikachagua chetu. Nilifurahi, sikatai. Mama alikuwa msusi wa mikeka, na jirani zetu walikuwa na korosho na madafu. Nilidhani sasa wanunuzi watatufuata mlangoni, tuache kutembea na mizigo kichwani hadi mjini.

Aliyeletwa kutuandaa alikuwa mtembeza watalii, kijana wa mjini, shati limenyooka, maneno laini. Aliwakusanya watu mbele ya duka, akawaamkia wazee, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akapigiwa makofi. Kisha akaanza kupita nyumba hadi nyumba, na hapo tukajua kupona kwenyewe kukoje. Redio zifichwe. Baiskeli zifichwe. Watoto wavue viatu. Kina mama wavae hando. Sasa hando, ile sketi ya marinda mengi, kwetu ni vazi la heshima. Nyanya yangu alizikwa nalo. Lakini kumwamrisha mke wa mtu alivae ili apigwe picha akitwanga kinu kitupu, hiyo ni heshima gani?

Alipofika kwetu alisimama uani akatazama juu. Paa letu lilikuwa la bati. Mama aliliezeka baada ya miaka mingi ya kukinga sufuria chini ya makuti yanayovuja, na sasa maji ya mvua yalishuka kwa mlizamu hadi kwenye pipa, hata safari za kisimani zikapungua.

"Mama, bati hili litatuharibia," alisema akilionyesha kwa kidole. "Wageni wanataka kuona kijiji. Liezue, urudishe makuti."

Mama alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua kichwa. "Yakivuja, wageni wako watakuja kunikingia?"

"Fikiria maendeleo, mama."

"Si ndiyo hayo unayoyaonyesha kidole?"

Kijana akacheka, akaenda zake kwa jirani yetu, mjane aliyekuwa shoga ya mama. Huyo alikubali. Aliahidiwa kwamba nyumba yake ndiyo itakayoingiwa na wageni wote. Akaezua bati alilolitolea jasho, akaliuza, akaezeka makuti ya harakaharaka.

Siku ya wageni nilitumwa na hoteli nikasaidie kutafsiri. Mama alikaa kibarazani kwake na leso safi, redio ikiimba kwa sauti ya juu kabisa. Mtalii mmoja, bibi wa makamo, akaiangalia nyumba yetu akauliza ni ya nani. Yule kijana akamjibu kwa Kiitaliano, bila haya, "Hiyo ni ghala ya serikali. Hakuna anayeishi humo."

Na mama yangu amekaa pale pale mlangoni!

Nilihisi kichwa kinawaka. "Ni nyumba ya mama yangu," nikasema kwa Kiitaliano, kwa sauti ya kusikika na wote. "Yule pale. Na watoto hawa wana viatu, wameambiwa wavivue kwa ajili yenu."

Yule bibi akashusha kamera, akapiga hatua kuelekea kwa mama. Kijana akapiga makofi, ngoma zikaanza, wageni wakasukumwa kwenda kwa mjane.

Kesho yake niliambiwa hotelini kwamba kazi hakuna. Watalii wakapelekwa kijiji kingine, na kwetu hawakurudi. Watu wakasema nimewamwagia riziki yao. Mama alikuwa akitoa salamu njiani asijibiwe.

Masika yalipoanza, makuti ya mjane yalivuja kila upande, akaja kulala kwetu na wanawe. Nilimtandikia mkeka. Akaniambia, "Ungenyamaza tu, mwanangu. Labda ningepata kitu." Maneno hayo yaliniuma kuliko kufukuzwa kazi. Nilitaka kumpigia kelele, lakini ningempigiaje kelele mtu aliyebomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe kwa kuwa kaambiwa ndiyo njia ya kutajirika?

Baadaye nilikutana na yule kijana kule Malindi, mtaa wa Muyeye, nikamweleza habari za mjane. Hakuonyesha hata kusikitika.

"Dada, mimi huwauzia wageni wanachotaka kununua," alisema.

"Na bati la yule mjane lilikuwa lako ukaliuze?"

Akatazama saa yake, akavuka barabara. Nilimtukana mbele ya watu, matusi ambayo mama hakunifunza, na wapita njia wakasimama kunishangaa mimi, si yeye. Wacha washangae. Hasira ile ninayo mpaka leo, na sijaona sababu ya kuipoza.